Pingili Zilizopungua

Nyumbani kwa Mama Pacha kulikuwa na saa tele, na aliyetaka kujua ni saa ngapi alichungulia simu. Zote zilikuwa za mumewe, na zote za betri, zile zilizovuma enzi wazee wetu wakiwa vijana wa suruali pana. Wenyewe wanaozikusanya huziita kwatzi, tena kwa sauti ya chini, kama watu wanaomtaja marehemu. Baba Pacha alikuwa amezitoa betri zote zisije zikavuja na kula chuma. Basi zililala kabatini juu ya vitambaa vya pamba, zimekufa salama salimini, na ole wake pacha ambaye angegusa kitasa cha kabati lile.

Kazi iliyomlisha Baba Pacha ilikuwa kuuza bima. Kazi ya moyoni ilikuwa Jumapili mchana, wenzake walipojaa sebuleni kubishana juu ya mikanda. Si saa, mikanda. Saa, walisema, hata mtoto anaweza kununua. Ila saa yenye mkanda wake orijino, ule iliotoka nao kiwandani, hiyo ndiyo saa. Nyingine ni maiti iliyovishwa nguo ya kuazima. Maneno hayo yalikuwa ya Daktari wa Meno, mwenyekiti wao, ambaye wiki nzima huwapachika watu meno ya bandia bila kuona haya.

Walikuwa na utaratibu wao. Saa yenye mkanda orijino iliwekwa mezani. Iliyobadilishwa mkanda iliwekwa kwenye stuli, karibu na mlango, pamoja na funguo za magari. Baba Pacha alikuwa na saa moja aliyoipenda kupita zote, akaibandika jina Bibie. Ilikuwa ya rangi ya fedha, na kioo chake hakikuwa na hata mkwaruzo. Lakini alikuwa ameipata mikononi mwa mtu bila mkanda, na mwaka mzima Bibie alikaa kwenye stuli. Usingesema ni saa. Ungesema ni binti wa mtu aliyenyimwa kiti harusini.

Halafu Jumamosi moja walikwenda kumsalimia mama mkwe. Bi mkubwa alikuwa anamimina chai, mkono wa gauni ukapanda, na Baba Pacha akatumbua macho. Mkewe alidhani ameona mende.

Hakuwa ameona mende. Mama mkwe alikuwa amevaa saa ya bei ya kutupa, ya aina inayouzwa pamoja na vitana na betri za tochi. Lakini mkanda wake! Fundi fulani, miaka mingi nyuma, alikosa mkanda wa kuifungia, akachukua cheni yoyote iliyokuwa ndani ya kopo lake. Na cheni hiyo ilikuwa mkanda orijino wa saa za aina ya Bibie.

Mama Pacha alikwenda jikoni kuchukua sukari. Aliporudi, mambo yalikuwa yamekwisha.

"Kumbe ni hiki tu, mwanangu?" mama yake alikuwa anasema huku akifungua mkanda mkononi. "Umenizungusha wee, mpaka nikadhani unataka figo."

"Nakuletea mwingine, Mama. Wa ngozi, mpya kabisa."

"Chukua, chukua. Mkwe akiomba kitu nitamwambiaje?"

Na kweli angemwambiaje? Hilo ndilo lililomkereketa Mama Pacha njia nzima. Mumewe alijua fika kwamba mama hawezi kumnyima, na ndiyo maana aliomba.

Mkanda wa ngozi ulipelekwa, ukavaliwa, na kabla ya wiki kuisha mkono wa mama ulikuwa na vipele. Bi mkubwa aliivua saa akaitumbukiza mkobani. Sasa akitaka kumeza dawa zake kwa wakati, anapekua leso, miwani na rundo la risiti mpaka aipate.

"Mrudishie mama mkanda wake," Mama Pacha alimwambia mumewe.

"Si nimempa mzuri zaidi?"

"Unamwasha."

"Apake mafuta." Hakuinua hata macho. Alikuwa anampangusa Bibie kwa brashi ya kupakia wanja, na brashi yenyewe ilikuwa ya mkewe.

Jumapili ikafika. Bibie alitandikiwa kitambaa cheusi mezani, katikati kabisa. Wenzake walikuwa wawili siku hiyo: Daktari wa Meno, na mwalimu mmoja wa jiografia ambaye walimwita Darubini kwa sababu ya unene wa miwani yake. Waliinama wote juu ya saa, vichwa vimegusana, kama watu wanaotafuta sindano iliyoanguka.

"Rangi ndiyo," alisema Darubini. "Kifungo ndicho. Hongera, ndugu yangu. Orijino."

"Tulia, Mwalimu," alisema Daktari. "Usikimbilie kuvisha shada." Alihesabu kwa ncha ya kibano, midomo ikicheza. "Pingili za cheni zimepungua."

Baba Pacha akauvuta mkanda karibu, akahesabu mwenyewe.

"Mkanda ni ule ule, Mheshimiwa," alijitetea Baba Pacha. "Ni mfupi kidogo tu."

"Mfupi kidogo! Mtu aliyekatwa miguu naye ni mfupi kidogo?"

"Lakini kilichobaki si ni orijino?" alisema Darubini. "Kila pingili iliyopo imetoka kiwandani."

"Zilizopo, ndiyo. Mkanda, hapana. Hizi ni pingili orijino, huu si mkanda orijino."

Wakashikana hapo, watu wazima wenye watoto, mmoja akisema nusu ya kitu ni kitu, mwingine akisema nusu ya kitu ni takataka. Mama Pacha aliingia na sinia la vikombe. Hakuna aliyempisha.

"Na zimetolewa ovyo," Daktari aliendelea. "Tazama mikwaruzo hii. Ni mtu gani aliyeufanyia mkanda huu unyama? Mshamba wa wapi? Mtu kama huyu hata saa ya ukutani asipewe."

Mama Pacha alisimama na sinia mkononi, akimtazama mumewe. Alijua atasema. Hata kama ni kwa utani, atasema: jamani, huyo ni mama mkwe wangu.

Baba Pacha akacheka. "Ndiyo hivyo, Mheshimiwa. Watu hawajui thamani."

Mama Pacha ndiye aliyekuwa amempeleka mama yake kwa fundi. Mwaka ule mama alipougua na kukonda, saa ilikuwa inateleza mpaka kwenye kiwiko kila mama akiinua kikombe. Fundi alitoa pingili moja. Mama akalazwa, akatoka, wakarudi kwa fundi, naye akatoa nyingine, kisha nyingine. "Tukiendelea hivi," mama alimwambia fundi, "mwisho utanivisha kidoleni." Fundi alicheka sana. Binti alitoka nje, akajifanya anapokea simu.

Akaweka sinia juu ya stuli, juu ya funguo za watu. Akasogea mezani, akamwokota Bibie kwenye kitambaa chake, akajifunga mkononi.

"Mama Pacha! Usiishike kwa vidole!" alimaka mumewe.

"Naipeleka kwa mshamba," alisema. Hakuwa mtu wa kusema mbele ya wageni. "Yule aliyezitoa pingili. Yupo nyumbani kwake, kama mtataka kumweleza thamani."

Akatoka. Njiani alipita kwenye kibanda cha fundi saa, akamtilia Bibie betri. Tarakimu zikaruka kwenye kioo.

Baba Pacha aliwafikia mama mkwe akiwa ameinamia karai, anaosha vyombo. Shati lilikuwa limemganda Baba Pacha mgongoni kwa jasho. Bibie alikuwa kwenye mkono wa bi mkubwa, amefunikwa povu mpaka shingoni.

"Karibu, mwanangu. Umenitumia saa nzuri jamani! Namba kubwa hizi, hata miwani sihitaji."

Baba Pacha aliukodolea macho mkono ule. Mkewe alikuwa ameegemea mlango na taulo begani.

"Alikuwa na jambo, Mama," alisema. "Sema, baba. Omba."

Bi mkubwa alimtazama huyu, akamtazama yule. Mikono ikatoka majini ikichuruzika. Vidole vyake vikaenda kwenye kifungo. "Unauhitaji tena mkanda, mkwe wangu? Si useme tu?"

Angemvulia. Angemvulia hapo hapo, tena akitabasamu, na kesho angerudi kupekua mkobani. Mama Pacha alimtazama tu mumewe, kwa jicho ambalo hakuwahi kumtazamia, na Baba Pacha akaliona.

Haikuwa huruma iliyomshika. Mkewe alimjua vizuri mno asidanganyike. Ilikuwa woga mtupu, woga wa kulala sebuleni na kabati lake.

"Hapana, Mama," alisema. "Nilikuja... nilikuja kukusalimia."

"Basi vizuri. Niambie, hii inaogopa maji? Huyu mwenzio hajui."

Baba Pacha aliitazama saa. Kwenye kioo, ambacho juzi kilipanguswa kwa brashi ya wanja, tone la mafuta ya sufuria lilikuwa linateremka taratibu.

"Haiogopi, Mama."

Bi mkubwa akarudisha mkono karaini, na Mama Pacha akamrushia mumewe taulo afute sahani.