Aliyezama Hapandi Ndege

Meneja wa hoteli alikuja ufukweni na rundo la funguo mkononi, nami bado nahangaika kujichomoa kwenye lile vazi la mpira la kuzamia, lililoning'ang'ania kama mtoto anayeachishwa ziwa.

"Haya wifi, twende ukachague chumba," akasema.

"Chumba cha nini tena? Mimi naondoka na ndege ya mchana."

Meneja alinitazama, kisha akamgeukia mume wangu. "Kwani hujamwambia?"

Mume wangu wanamwita Pweza. Yeye ndiye anayewaongoza wageni wa hoteli ile chini ya maji kutazama samaki, na jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu akishika kitu hakiachi. Wakati ule alikuwa ameshika miwani yake ya kuzamia, anaigeuzageuza utadhani anataka kuinunua.

"Aliyezama hapandi ndege mpaka kesho," meneja akanieleza. "Ile hewa ya mtungi inabaki kwenye damu. Ukienda juu mapema, inaweza kukulemaza, hata kukuua. Pweza huwaambia wageni kila asubuhi kabla hawajagusa maji."

Kila asubuhi! Kumbe aliyesahauliwa ni mkewe tu.

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Kesho yake asubuhi, mwalimu mkuu wa shule iliyo jirani na duka langu la ushonaji kule mjini alikuwa anachagua fundi wa sare za watoto wote. Kila fundi afike mwenyewe, apime mtoto, akate kitambaa mbele ya macho yake. Asiyefika, kazi imempita. Pweza alilijua hilo. Kwa miezi alikuwa akinibembeleza nifunge duka nihamie kisiwani, nami nikimjibu kwamba nitakuja kutazama tu. Ningezikosa sare, nisingekuwa na sababu ya kukataa tena, na hilo nalo alilijua.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kule chini nilifurahi. "Zama mara moja tu, uone ninachokiona," aliniambia, nikakubali. Alinifundisha ishara. Kidole gumba kikiinuliwa, maana yake napanda. "Mmoja akiitoa, safari imekwisha. Mwenzake anaijibu vilevile, wanapanda wote. Hakuna kuulizana sababu." Mimi sikuitoa. Nilimshika mkono, nikatazama samaki wa manjano wakipita puani mwangu, nikamsamehe mambo mengi. Kumbe najipeleka mtegoni mwenyewe, tena nacheka.

"Boti je?" nikauliza, meneja ameshatangulia kuelekea vyumbani.

"Msimu huu boti haziji," Pweza akadakia. "Huko nje kumechafuka."

Basi tukaenda kuchagua chumba. Ningefanya nini? Maji kila upande, na angani hakupandiki.

Chumba cha kwanza kilisimama juu ya nguzo ndani ya maji, na sakafu yake ilikuwa na kioo. Nilitazama chini, samaki mmoja akanikodolea macho. "Hapa hata kubadili nguo siwezi," nikasema. Meneja akacheka, na Pweza akacheka kupita kiasi. Cha pili kilipakana na mashine ya kujaza mitungi hewa, inayonguruma hadi vikombe vinatembea mezani.

"Hiki hapana, mke wangu," Pweza akasema. "Hutalala."

Leo ndiyo anaujali usingizi wangu!

Cha tatu kilikuwa nyuma, kwenye nyumba za wafanyakazi. Pweza alitangulia, na ufunguo akautoa mfukoni mwake. Ndani mlikuwa na kitanda cha watu wawili na dirisha kubwa. Chini ya dirisha ilikaa cherehani yangu.

Ile ile ya chuma, ya kukanyaga kwa miguu, aliyoniachia mama. Pweza aliichukua alipokuja likizo, akasema anaipeleka kwa fundi. Tangu hapo nikawa nashonea ya kuazima, huku namwombea dua kwa wema wake. Nilikanyaga, gurudumu likazunguka vizuri. Haikuwa na kasoro yoyote.

"Nilitaka ukute kila kitu tayari," akasema taratibu. "Nimechoka kukaa peke yangu. Hata mwanga nimeupima, uko kushoto kwako, unavyopenda."

Ilikuwa kweli, mwanga ulikuwa kushoto. Nusura nilie. Mtu ananijua kiasi hicho, na bado hakuona haja ya kuniuliza. Mlango ulikuwa wazi nyuma yangu, lakini nilikosa pumzi, mimi niliyepumua vizuri chini ya maji.

Nikaegemea cherehani. Haikutikisika, kwa uzito wake. Hapo ndipo akili iliponirudia. Ndege niliyojia ni ndogo, rubani alipima hadi mkoba wangu wa begani. Chuma kile hakikuja kwa ndege.

"Wifi," nikamwuliza meneja, "mzigo huu uliletwa na nini?"

"Boti ya barafu, inayobeba samaki. Si hiyo hapo gatini? Inaondoka baadaye leo, alfajiri iko mjini."

Pweza akafumba macho.

"Na aliyezama anaruhusiwa kuipanda?"

"Boti inaelea tu, wifi, haiendi juu. Nani kakukataza?"

Nilimgeukia mume wangu. "Uliileta mwenyewe, utaibeba mwenyewe."

Aliibeba hadi gatini, jasho linamtiririka. Nahodha alinipa nafasi kati ya makasha yanayonuka samaki, finyu kuliko vyumba vyote nilivyoonyeshwa. Nikaketi, mkono juu ya cherehani yangu.

"Nilitaka siku moja tu," Pweza akasema.

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

Kamba ikafunguliwa, maji yakaanza kututenganisha. Akasogea hadi ukingoni. "Kwa hiyo utarudi lini? Mke wangu, kwa nini..."

Niliinua kidole gumba.

Aliliacha swali lake njiani. Kisha akainua cha kwake, kama anavyowafundisha wageni kila asubuhi.