Mgonjwa wa Kwanza

Mwaka ule wakimbizi walipofurika Ngara, dunia nzima ilihamia kambini. Mahema, malori ya maji, madaktari wa kila rangi, dripu zimening'inia kama mikungu ya ndizi. Huku kijijini, mwendo wa asubuhi moja tu, zahanati ilikuwa na nesi mmoja, Ildefonsa, na kabati ambalo ukilifungua unakutana na buibui. Dripu alikuwa ameziomba wilayani tangu masika. Zinakuja, aliambiwa. Miezi ikapita, bado zinakuja!

Basi siku jirani yake Nduwayo alipoletwa kwenye machela, anaharisha maji meupe, macho yametumbukia ndani, Ildefonsa aliujua ugonjwa palepale. Kipindupindu. Akawaambia waliombeba, "Mkimbizeni kambini. Wakiuliza, semeni ametoka Burundi."

Nani angewagundua? Kihangaza, lugha ya huku, na Kirundi vinasikilizana, na mzungu wa watu hajui hiki wala kile. Nduwayo alitundikiwa dripu, akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Weee, kijiji kilivyompenda nesi wao! Kila aliyeanza kuharisha alipelekwa kambini kwa njia ileile. Hata mzee Bulugu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, asiyejua Kirundi hata cha kuombea maji, alifundishwa na Ildefonsa mwenyewe: "Wewe guna tu, mzee. Usiseme neno." Akaguna, akapona.

Kila Jumatatu Ildefonsa alikwenda parokiani kutoa taarifa wilayani kwa redio ya upepo. Wa kuharisha? Hakuna. Nesi hutaja aliowatibu, na yeye hakuwa amemtibu yeyote. Wagonjwa wake walihesabiwa kambini, tena kama wakimbizi. Wilayani wakaridhika kwamba kijiji kile ni salama, klorini ya kusafisha maji ikapelekwa kwingine, na watu wakaendelea kunywa maji ya kisima kilekile kilichowaharisha.

Kisha mama yake mzazi, Agripina, akaamka anaharisha. Kufikia saa nne hakuweza kusimama. Wakambeba mbio, Ildefonsa mbele. Lakini kambini walikuwa wameshaishtukia hila hiyo. Getini walitaka kadi ya chakula.

"Ni mkimbizi, kaka yangu, kadi imepotea," Ildefonsa alisihi.

Mlinzi alilitazama gauni lake jeupe la unesi. Haraka zile, hakukumbuka kulivua. "Dada, nyie si mna zahanati yenu?"

Ildefonsa akawaambia wabebaji wamrudishe mama, yeye akakimbilia parokiani. Redioni alimpata Daktari Alfonce, anayeshughulikia magonjwa ya mlipuko wilayani.

"Kipindupindu? Kwenu? Si ulisema hakuna hata mmoja?"

Hapo ndipo angesema. Lakini aliogopa. Aliona kazi inapotea, aliona majirani wakikamatwa kwa kudanganya. "Ameanza leo, daktari."

"Gari liko Nemba, kwenye wagonjwa wengi. Nitakuletea kesho."

Alirudi akamnywesha mama maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Kila alichonywa kilirudi.

"Mwanangu," Agripina alisema kwa sauti iliyokauka, "Nduwayo alipona. Mimi nimekosa nini?"

Ildefonsa akamsogezea kijiko kingine mdomoni. Alilia kwa sauti, kijiko mkononi, na kabla jua halijazama mama yake alikata roho.

Kesho yake gari lilifika kweli: dripu, klorini, hema jipya. Alfonce aliwakuta watu msibani, akamshika Ildefonsa mkono. "Pole sana, sista. Ila nikupongeze. Mgonjwa wa kwanza tu, na taarifa umeshatoa. Wote wangekuwa kama wewe, tungeokoa wengi."

"Si wa kwanza," Ildefonsa alisema. "Kisima hiki kimewalaza nusu ya watu hawa, daktari, na mimi nikawaficha. Nduwayo, simama! Mzee Bulugu, simama umwambie!"

Hakuna aliyesimama. Walimpenda mno nesi wao kumtia matatani. Bulugu aliinamisha kichwa, akaguna. Nduwayo alimsogelea daktari, akamwambia taratibu, "Msamehe, mheshimiwa. Ni uchungu wa mama yake. Hapa kwetu hajaugua mtu mwingine."