Kidole Gumba cha Bi Mikunjo

Kuhusu simu za siku hizi, Bi Mikunjo hakuwa na simile. Ukimpelekea shati la kupigwa pasi, ukathubutu kuchungulia simu yako mbele ya meza yake, utakoma. "Mtu mzima na akili zake anainamia kioo kama kuku anatafuta punje!" Atakuambia simu iliundwa ili mtu apige, mwenzake apokee, waongee, waagane, basi. Hayo mengine, sijui picha za sahani za watu, sijui ujumbe wa sauti wa dakika saba, ni uvivu mtupu. Na ukimbishia, shati lako litachelewa.

Jina hilo alipewa na wateja, maana katika miaka thelathini ya udobi hawakuona mkunjo uliomshinda. Alikuwa na chumba kimoja tu, chenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili, kamba tatu za kutundikia na rafu ya mafurushi. Furushi likiingia alilipiga kofi moja, pa, akasema, "Limefika," akalitupia rafuni. Kulifungua ni siku nyingine. Mteja aliondoka roho kwatu, kwa sababu kofi la Bi Mikunjo lilikuwa risiti tosha.

Sasa, huyu Bi Mikunjo alikuwa na binti, kitindamimba wake, muuguzi katika mji wa mbali. Kaka zake walishaoa wakatawanyika, kila mmoja na lake. Binti ndiye aliyekuwa akimtumia ujumbe wa sauti, mara mbili kwa wiki, mwaka wa pili sasa. Mama alipolalamika kwamba simu inamsumbua, kinyozi wa mlango wa pili akamfundisha dawa: "Gusa hapa mama, kinatoka kidole gumba. Atajua umeupata." Bi Mikunjo alifurahi kweli. Tangu hapo ujumbe ukiingia, gumba. Umefika. Kuusikiliza ni siku nyingine, na siku hiyo, tusifichane, haikufika kamwe. Si kila Jumapili wanapigiana simu na kuongea mpaka sikio linapata moto? Kulikuwa na haja gani ya kusikia mambo mara mbili?

Asubuhi moja katikati ya wiki binti akatokea mlangoni, begi begani. Mama alikuwa ananyoosha kola ya shati jeupe.

"Weee! Umefukuzwa kazi?"

"Shikamoo kwanza, mama."

"Marahaba. Umefukuzwa?"

Binti akacheka. Akaweka begi chini, akamkumbatia mama yake palepale, pasi ikiwa bado mkononi. "Nimekuja kukushukuru. Nilijua utakataa. Nilituma ule ujumbe nikaitupa simu kitandani, naogopa hata kuitazama. Dakika haijaisha, gumba! Nililia, mama. Sikutegemea kabisa."

Bi Mikunjo akajifanya anajua. "Ee," akasema. "Ndiyo hivyo."

"Kesho natia saini. Jumamosi meli inaondoka."

Meli! Lakini angeulizaje ni meli gani, naye alishakubali kwa kidole gumba? Akawa anasema "ee" na "enhe", huku akiokota habari kipande kwa kipande. Ilikuwa meli ya hospitali, inayozunguka bandari hadi bandari kuwatibu watu wasio na madaktari. Miaka mitatu. Mtandao wake wa kusuasua, kupigiana simu hakuna, ni kuachiana ujumbe tu. Na kumbe mle kwenye ujumbe binti alikuwa ameapa kwamba mama akisema baki, atabaki, wala hatamlaumu.

Kusema baki, neno moja tu. Na muda bado ulikuwepo, maana saini ilikuwa kesho. Bi Mikunjo hakutaka mtoto huyu aende hata kidogo. Angeulizwa uso kwa uso angekataa kabla swali halijaisha. Si angesema tu amebadili mawazo? Nani angejua? Neno lilishamfika kwenye ncha ya ulimi, mara harufu ikampanda puani. Kola ilikuwa inaungua.

"Mama! Wewe wa kuunguza nguo?"

Akazima pasi. Akakaa kwenye kiti cha wateja, ambacho hakuwahi kukikalia.

"Sikuusikiliza," akasema.

"Upi?"

"Huo. Na mwingine wote. Nilikuwa nabonyeza kidole tu, ujue umefika."

Binti akauliza, "Miaka miwili?"

"Nilijua tutaongea Jumapili."

"Jumapili unaongea wewe, mama." Hakupandisha sauti. "Nikianza sentensi unaimalizia. Nikisema nimechoka, unanieleza ulivyochoka wewe. Sikasiriki, ndivyo ulivyo. Ndiyo maana nikaanza kuongea na ile simu, kwa sababu haikunikata kauli. Nikawa najiambia, kumbe mama anajua kusikiliza, ni vile tu tulikuwa hatujapata njia."

Bi Mikunjo alifungua mdomo ajitetee. Visingizio vilikuwa tele, kazi, uchovu, macho. Akaufunga. Aibu ilimshika, aibu ya kutamani kujificha chini ya meza. Miaka yote hiyo akiwasema watu kwa kuinamia vioo vyao, na ndani ya kioo chake mwenyewe mwanawe alikuwa anamwita.

"Niambie sasa," akasema. "Kwa mdomo."

"Yote?"

"Yote. Leo sina kazi." Rafu nyuma yake ilikuwa imejaa mafurushi mpaka juu. Akainuka akafunga mlango.

Binti alianza shingo upande. Alisimulia kuhusu mgonjwa wa kwanza kumfia mikononi, na mwezi mzima aliokuwa akilia kila asubuhi kabla ya zamu. Alisimulia kuhusu daktari mmoja aliyetaka kumwoa naye akakataa.

"Daktari gani?" Mama aliruka kitini.

"Mama."

"Haya, haya. Nimenyamaza."

Jamani, alipata taabu! Mara ngapi aliuma ulimi, ni yeye anayejua. Kinyozi alikuja kugonga, akafukuzwa kwa mkono tu kupitia dirishani. Ilipokaribia adhuhuri ndipo binti akafika kwenye meli.

"Ninaitaka, mama. Sijawahi kutaka kitu namna hii. Lakini nakuacha peke yako, na bila kauli yako siwezi kwenda. Niende?"

Bi Mikunjo alingoja. Alingoja mpaka akahakikisha hakuna neno lililobaki.

"Sitaki uende," akasema.

Binti akainamisha kichwa. "Sawa, mama. Basi nita..."

"Sijamaliza. Na wewe unanikata kauli? Sitaki uende. Kesho sitataka, na Jumamosi nitalia humu mpaka majirani waulize nimefiwa na nani." Akamshika mikono yote miwili. "Nenda, mwanangu. Safari hii nimelisikia swali."