Mara ya Tatu

Watu wa Bodo wanapenda mzaha, na Gerishom aliwapa wa kutosha wiki nzima. Alikuwa mtu wa bara, mpishi wa hoteli moja ya Diani iliyofunga milango baada ya ghasia za mwaka wa tisini na saba kuwafukuza watalii. Mzee Mbwana alimchukua wakate boriti mikokoni, akamfundisha kazi: kila baada ya miti michache weka shoka chini, simama kimya, tazama maji yana rangi gani na konokono wamefika wapi. Konokono wa mikokoni hupanda mti kabla maji hayajajaa. Hawana saa, alisema Mzee Mbwana, na hawajapata kuzama.

Gerishom alilishika somo kupita kiasi. Mara mbili alipiga kelele kwamba maji yanakuja, wakatoka mbio na kuacha boriti nyuma, na mara zote mbili maji yakaja taratibu kama kawaida yake, nusu saa nzima baadaye. Mzee Mbwana akalipeleka jambo hilo kahawani, akaliigiza mpaka watu wakamwaga vikombe. Kuanzia hapo Gerishom akaitwa Bwana Yanakuja, hata na watoto. Alicheka nao, lakini jina hilo lilimchoma. Mtu aliyekwisha kupoteza kazi na heshima yake kule hotelini hapendi kufanywa kichekesho tena kijijini.

Alhamisi ile mvua ya Elnino ilikuwa imeanua pwani, ila upande wa Shimba Hills wingu lilikuwa jeusi tii. Mzee Mbwana alikuwa ng'ambo ya mkondo mdogo ambao maji yakipwa huvukwa kwa miguu. Gerishom aliweka shoka chini, akatazama. Konokono walikuwa wamepanda kupita kiuno chake. Maji ya mkondo, ambayo asubuhi yalikuwa ya kijani, yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, na yalikuwa yakibeba majani ya mahindi. Mahindi hayaoti mikokoni. Alijua maana yake: mto umefurika huko juu. Akafungua mdomo, akawaona watu wote wa kahawani wakimcheka, akaufunga. Akajiambia kwamba huyu mzee amezaliwa hapa, bila shaka ameona.

Akakata mti mmoja tu zaidi. Mto ukashuka, bahari ikapanda, na vyote viwili vikakutana pale pale Mzee Mbwana alipokuwa akivuka na boriti begani. Hapo Gerishom alipaza sauti kwa nguvu zake zote, wala haikusaidia kitu. Wavuvi wa Funzi waliuokota mwili kesho yake asubuhi, akazikwa baada ya sala ya Ijumaa.

Matangani kila mtu alimpa pole. Masikini, walisema, mgeni wa watu, angejuaje? Siku ya tatu akashindwa kuzivumilia pole hizo, akamwendea mjane, Bibi Dama. Kwa kuwa mama huyo alikuwa edani, Gerishom alikaa mkekani nje ya mlango, na pazia likawa katikati yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, mimi niliona. Niliona maji yamebadilika, nikanyamaza. Niliogopa kuchekwa."

Gerishom alingoja matusi, na angeyapokea kwa shukrani.

"Kahawani alikuwa akikucheka," Bibi Dama alisema, sauti imemkauka. "Hapa nyumbani alikuwa akinambia mengine. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hata konokono alikuwa hawaoni tena. Hakutaka watu wajue. Nikamwambia aache kazi ya mikokoni, akasema nisiwe na wasiwasi, Gerishom yupo, na Gerishom akiona kitu hakosi kusema."

Nyuma ya pazia Bibi Dama alianza kulia polepole, na Gerishom akabaki pale pale mkekani, hajui kama ana haki ya kulia naye.