Jua la Saa Tatu Asubuhi

Nilipoambiwa babu yangu mzaa babu alikuwa mwongo, nilikuwa bado nimeshika kikombe cha kahawa waliyonikaribisha. Nikakirudisha mezani. Siwezi kunywa kahawa ya mtu anayenitukania wazee.

Tulikuwa ukumbi wa maonyesho, Jumeirah Lake Towers, hapa Dubai, mimi na mwanangu Thamer. Wenye ukumbi walitaka vitu vya wapenda nyota wa miaka ya 1890, nami nikaja na daftari kutoka Al Qusais, nimelipakata kwenye metro njia nzima. Babu huyo, Mzee Musallam, aliliandika Unguja mwaka 1893, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kila siku alielekeza darubini yake ndogo kwenye jua, akauacha mwanga uangukie karatasi, akachora madoa ya jua kwa kalamu. Kando aliandika saa.

"Tafsiri inasema alichora jua 3 a.m.," alisema Rawan, msimamizi wa ukumbi. "Usiku, mama. Daftari limetungwa. Hatuwezi kulionyesha, khalas, basi."

"Tafsiri ya nani?"

Thamer akatazama viatu vyake.

Nikafungua daftari. Pameandikwa wazi: saa tatu asubuhi. Mwanangu, mwenye shahada mbili, aliichukua ile tatu akaipeleka kwenye Kiingereza vilevile ilivyo. Kikulacho ki nguoni mwako. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka.

Nikamwita bawabu wa mlangoni, Mkenya, beji yake imeandikwa Boaz. "Saa ngapi, mwanangu?"

"Saa tano na robo, mathee."

Nikamwonyesha Rawan saa ya ukutani: 11:15. "Muulize anahesabu vipi."

Boaz akamweleza kwa Kiingereza, taratibu. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, madam. Saa tatu yetu asubuhi ndiyo tisa yenu. Rawan aliona haya. Akakata alichokuwa ameandika kwenye orodha ya maonyesho, akaandika upya: Musallam, Unguja, 1893.

Nilipaswa kufurahi. Kwenye metro nilikaa nimempa Thamer mgongo.

"Bawabu anajua, mimi sijui," alisema. "Mama, kwa nini hukunifundisha?"

Nikageuka nimkaripie, nikakumbuka siku moja. Alikuwa na miaka sita. Alimwambia mwalimu wake kwamba shule huanza saa mbili, darasa zima likamcheka, akarudi analia. Na jioni ile mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, ndiye niliyemwambia: "Achana na hizo saa za kishamba."