Ufunguo Niliouacha Mezani

...na kiatu kimoja kimeshaingia, hiki cha pili ndicho kinanisumbua, mguu umevimba kwa kulalia godoro laini, mtu aliyekulia kwenye mikeka na mabenchi ukimpa godoro laini unamuumiza tu, begi liko pale mlangoni, silifungui mimi begi, natoa shati narudisha shati nafunga zipu, siku nne hizi begi halijui hata tumefika wapi, basi linaondoka saa sita, sasa ni saa nne na kitu, nimeshaitwa mara moja, "Baba, chai inapoa," nikaitika nakuja, na bado nimekaa ukingoni mwa kitanda cha binti yangu, kiatu mkononi kama mchuuzi aliyekosa mteja... sikukuu ya jana ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo, naweza sana ila huu si uongo, alipika, tukala, alicheka mara mbili, halafu jioni akanyamaza, ghafla, kama redio iliyoishiwa betri, nikasema moyoni aa, huyu amechoka na mgeni, maana dalili za kuchokwa hakuna duniani anayezijua kama mimi, zingekuwa na shule ningekuwa mwalimu mkuu, mwenyeji akianza kukunja mashuka mchana na wewe kunja yako, akikuuliza habari za huko ulikotoka jua anakukumbusha njia, mimi sikukuu nimekula kwenye nyumba thelathini na tisa, nimezihesabu, arobaini ukitia na ile stoo tuliyolala na fundi aliyenifunza useremala, yeye juu ya plaiwudi mimi juu ya pumba za randa, na katika zote hizo sijafukuzwa hata moja, hata moja, kwa sababu huondoka siku moja kabla ya kufukuzwa, huo ndio ufundi wenyewe, useremala ni kazi ya mikono tu... nyumba ya kwanza ilikuwa ya shangazi, nina miaka saba, mama alikuwa akifua nguo kwenye nyumba za watu na sikukuu ndiyo siku nguo zinachafuka, kwa hiyo nikapelekwa kwa shangazi kama kifurushi, na meza ya shangazi mguu mmoja umevunjika, wageni wameshaingia, shangazi akaitazama meza, akanitazama mimi, akasema "wewe mfupi, ingia huko chini ushikilie," nikaingia, nikaibeba meza kwa kichwa, wageni kumi na wawili wanakula juu yangu... saba, walikuwa saba, nikisimulia ndipo hufika kumi na wawili na siku nyingine waziri naye yumo, mimi naona viatu tu, mmoja soksi imetoboka, mwingine anamkanyaga shemeji yake kwa makusudi na shemeji anajifanya hajui, harufu ya chakula inashuka, chakula chenyewe hakishuki, kesho yake nikaokota kipande cha mbao na misumari miwili nikaupiga ule mguu, ukasimama, shangazi akaitikisa meza, akaitikisa tena, akasema "huyu sikukuu ijayo aletwe," aletwe, neno tamu sijawahi kusikia kama lile, na tangu hapo sijaingia nyumba ya mtu nikatoka bila kuacha kitu kimesimama, kwa mjomba dirisha, kwa kaka kitanda kilichokuwa kikilia mpaka majirani wakajua ratiba ya ndoa yake, ukweni mlango wa choo, ulikuwa haufungi, baba mkwe alikuwa akiingia anaimba ili watu wajue yumo, nilipoutia komeo akaacha kuimba na nyumba nzima ikanishukuru, halafu kazi ikiisha nafunga, ufunguo nauweka mezani mbele ya mwenyewe, siutii mfukoni hata kwa dakika moja, ufunguo wa mtu mfukoni mwako ni kesi... "ndiyo mama, bado yumo chumbani, nadhani anafunga mizigo..." huyo ni yeye jikoni, yuko kwenye simu na mama yake, yule aliyekuwa mke wangu, sauti ameishusha lakini mlango wa jikoni umekaa vibaya, chini una uwazi wa vidole viwili, ningekuwa na muda ningeurekebisha, huyo mama yake siku tunaachana hata hakugomba, alisema tu, "wewe bwana hata kwako unakaa kama mtu anayesubiri gari," nikamjibu dari hilo juu yako kakutengenezea nani, akasema "dari nimeliona, wewe ndiye sijakuona," akaenda kuanua nguo, basi sikukuu za mtoto zikawa za kwao, nakuja asubuhi naondoka jioni, mwaka mmoja, binti ana miaka mitano, kiatu changu kimoja kikapotea, tukatafuta chini ya viti, nyuma ya mapipa, nikaja kukikuta jikoni ndani ya sufuria, kimefunikwa na mfuniko vizuri kabisa, nikacheka mpaka nikakaa chini, nikawasimulia watu miaka, jamani binti yangu alitaka kunipikia kiatu, kisa kile kimenipatia vikombe vingi vya chai, nikakivaa nikaondoka, yeye alisimama pale hacheki, nilidhani ana usingizi... "hapana mama, hajakasirika, yeye wala hajui, mimi nilimwachia wazi kabisa, kabati lote, nguo zangu nimezitia kwenye maboksi, nikamnunulia na hanga, nikamwambia baba, kabati hilo hapo..." kabati gani, ngoja, kabati lipi... hili? alisema kweli, siku niliyofika, "baba, kabati hilo hapo," mlango wazi, tupu ndani, ufunguo unaning'inia kwenye kitasa, nami jicho langu likaenda moja kwa moja kwenye bawaba ya juu, imelegea, mlango unakwaruza sakafu, nikasema nimekuelewa mwanangu, mpaka nguo umeniondolea nisipate shida, heshima hiyo mafundi wengi hawapewi, hanga sita mpya zina karatasi za dukani nikadhani amezisahau, nikamtolea, nikabana bawaba, nikapiga msasa, siku mbili nzima, nikapaka nta ya mshumaa ukingoni mpaka mlango unafunga kwa kupuliziwa, nikaufunga, na jana, watu tumeshiba, nikauweka ufunguo mezani mbele yake, nikasema kwa sauti ya kazi, "kabati lako tayari, mama, sasa hata nikiondoka halitakusumbua," nikakaa nikisubiri sifa, akautazama ule ufunguo, akasema "asante, baba," ndipo redio ikazima... "akanirudishia, mama, kama vile nilimpa kazi..." na anapenga kamasi, na mimi huku miaka hamsini na miwili, kiatu mkononi, fundi anayeweza kusikia mlango ukifungwa akakwambia aliyeutia alikuwa na haraka au la, shingo hii inauma, si godoro, shingo hii inauma tangu kwa shangazi, meza ilishasimama siku nyingi, wageni walishaaga, waziri alishaondoka, na mimi bado niko kule chini nimeishikilia, hakuna aliyeniambia toka, au waliniambia nikasikia kaza, maana hata yule mtoto wa miaka mitano, mimi ndiye niliyesema anapika, yeye alikuwa amekifunika tu kisionekane... "haya mama, nitakupigia baadaye," kikombe kinagusa sahani, "Baba, chai imeshakuwa maji ya kisima hii, nikuchemshie nyingine au unawahi basi?" nakuja, nimesema nakuja, begi liko palepale mlangoni, kiatu kiko mkononi, kabati limefungwa linang'aa, kazi safi, kazi safi kabisa, "Mwanangu," nimeita, "Abee, baba," na mimi niliyewasimulia watu mpaka wakasahau kumeza, sina pa kuanzia, "ule ufunguo wa kabati uko wapi?" kijiko kimewekwa chini polepole, "Upo mezani, baba. Palepale ulipouacha."