Mpeasi wa Nyuma ya Mapipa

Radka ndiye aliyeitunza ramani ya miti ya matunda ya mtaa wa Petržalka. Yeyote aliyeona mti usio na mwenyewe kati ya maghorofa aliuwekea alama kwenye simu, majirani wakaenda kuchuma. Kazi ya Radka ilikuwa kusahihisha majina, kufuta miti iliyokatwa, na tangu kiangazi, kuamua ugomvi wa Bohuš na Ivica.

Hao wawili waliishi jengo moja, na kila mmoja aliuwekea alama yake mpeasi uleule, nyuma ya mapipa ya taka. Bohuš aliandika kwamba matunda yake ni ya njano, laini kama siagi, huiva Julai. Ivica akaandika kwamba ni ya kijani, magumu, huchumwa Oktoba na kuliwa Krismasi. Bohuš akamshauri anunue miwani. Ivica akajibu kwamba mtu anayeamka saa sita mchana hawezi kujua mti umezaa nini.

Jumapili moja mwishoni mwa Septemba, Radka alikuwa kwa bibi yake, Želmíra, wakifunga vyombo kwenye maboksi. Wiki hiyo bibi alikuwa anahamia Košice kwa mwanawe, upande wa pili wa nchi, wala hakutarajia kurudi. Jambo moja tu lilimkaa rohoni. Nyumba alimozaliwa ilibomolewa pamoja na mtaa wake wote ili maghorofa haya ya Petržalka yajengwe, na miaka yote aliyoishi hapa hakuwahi kujua ilikuwa imesimama wapi. Njia zilihamishwa, visima vikafukiwa. Alitamani kusimama pale mara moja tu kabla ya kuondoka. Alikuwa ametafuta mpaka akachoka.

Ili kumchekesha, Radka alimsomea ugomvi ule, akasema atafuta alama moja yaishe.

Bibi aliweka sahani chini taratibu. "Usifute. Wote wawili wanasema kweli."

Akaeleza kwamba baba yake alikuwa na mke aliyependa mapeasi laini na mama mzazi aliyetaka ya kuweka akiba ya baridi. Akaona bora kutafuta amani mapema. Alichukua mche mmoja uliotazamana na mlango wa jikoni, akaupandikizia vijiti vya mipeasi ya aina mbili, kila kimoja upande wake.

"Vaa koti, mjukuu wangu," akasema. "Haya maboksi hayana miguu."

Radka alikuwa amepita kwenye mapipa yale mara nyingi bila kuinua macho. Sasa aliinua. Upande wa kushoto mti haukuwa na tunda hata moja, majani yakianza kupiga manjano. Upande wa kulia matawi yaliinama kwa mapeasi ya kijani. Chini, mahali pande hizo zilipokutana, gome lilikuwa limevimba kama kovu la zamani. Nyumba zilipoanguka, mti ulibaki ukizaa mara mbili kila mwaka, kwa ajili ya wanawake wawili ambao hawakuwapo tena.

Ivica alikuwa ameshuka na ndoo ya taka. Bohuš alikuwa akifunga baiskeli yake.

"Mama, umepoteza kitu?" Bohuš aliuliza.

"Mlango," bibi alijibu.

Aliweka kiganja kwenye lile kovu, akaugeuzia mti mgongo, akatembea bila kusita hadi katikati ya magari mawili yaliyoegeshwa. Akasimama. Kisha akainama, akavua viatu, akavipanga sambamba juu ya lami, akavuka mstari ambao yeye tu aliuona.

"Hapa ni jikoni," alisema.

Hakuna aliyecheka. Ivica aliweka ndoo chini, akavua viatu vyake. Bohuš naye akainama kufungua kamba za vyake, soksi moja ikiwa imetoboka kidoleni.

"Karibuni," bibi alisema, akiwasogezea nafasi.

Radka aliingia wa mwisho, na lami ilikuwa na joto chini ya nyayo zake.